Mjerumani Langoni mwa Manchester

Mimi ni golikipa tangu utotoni, na nikitajiwa walinda mlango wa kale humtanguliza Bert Trautmann. Wengi wanamkumbuka kwa shingo iliyovunjika. Mimi namkumbuka kwa yaliyotangulia.

Alizaliwa Bremen mwaka 1923. Akiwa na umri wa miaka 10 alikwishaingizwa katika umoja wa vijana wa Hitler, akalishwa chuki dhidi ya Wayahudi kabla hajajua kufikiri mwenyewe. Akapigana Urusi kama askari wa miavuli, akatunukiwa Msalaba wa Chuma, na mwaka 1945 akatekwa na Waingereza. Katika kambi ya Ashton-in-Makerfield, Lancashire, alikuwa mchezaji wa ndani. Siku moja akaumia, akabadilishana nafasi na kipa, na tangu hapo hakutoka langoni.

Ukaribu kati ya mateka na raia ulipigwa marufuku mpaka Desemba 1946, na ruhusa ya kuoana ilitoka Julai 1947. Wajerumani karibu 800 wakaoa Waingereza. Trautmann naye alipopewa nafasi ya kurudi kwao mwaka 1948, alibaki. Akafanya kazi ya kutegua mabomu Huyton, karibu na Liverpool, yaliyoangushwa na ndege za nchi yake. Jioni na wikendi alidakia St Helens Town. Katibu wa klabu hiyo, Jack Friar, alikuwa na binti, Margaret. Wakapendana, na mwaka 1950 wakafunga ndoa.

Oktoba 1949 Manchester City walimsajili, na mji ukawaka. Maelfu waliandamana, wenye tiketi za msimu wakatishia kuzirudisha. Nahodha Eric Westwood, aliyepigana Normandy, alimpokea mbele ya wenzake na kuwaambia kwamba chumbani mwao hakuna vita. Naye Rabi Alexander Altmann, ambaye wazazi wake waliuawa na Wanazi, akawaandikia watu wa Manchester akiwasihi wasimtwike mtu mmoja dhambi za taifa zima. Hapo ndipo ninapoinamisha kichwa. Aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuchukia ndiye aliyeomba kijana apimwe kwa matendo yake.

Januari 1950 City walikwenda London kucheza na Fulham. Alizomewa tangu anaingia. City walifungwa 1-0, lakini Trautmann aliokoa mpira baada ya mpira. Kipenga cha mwisho kilipolia, jukwaa lilelile lilisimama kumshangilia, na wachezaji wa timu zote mbili wakajipanga mistari miwili wakimpigia makofi anapotoka.

Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Birmingham City, alivunjika shingo zikiwa zimebaki dakika 17 hivi, akaendelea kudaka, na City wakashinda 3-1. Miaka ya baadaye alitumwa na Ujerumani Magharibi kufundisha soka katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo.

Chuki yake ilipandwa na dola, ikang'olewa na watu wa kawaida: familia ya St Helens, nahodha mmoja, rabi mmoja. Wewe unayemtukana mchezaji jukwaani kwa sababu ya rangi au nchi yake, acha. Mpime kwa anachofanya uwanjani, kama Altmann alivyoomba.