Kukata na Kubandika: Data Ilivyoanza Kuvuka Madirisha

Kuhamisha maneno kutoka dirisha moja la kompyuta hadi jingine kuna asili yake kwenye meza za wahariri wa vitabu. Katikati ya miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California, waliunda programu ya Gypsy kwa ajili ya Ginn, kampuni ya vitabu vya shule. Wahariri walizoea kukata karatasi kwa mkasi na kuzibandika upya. Gypsy ikaihamishia kazi hiyohiyo kwenye skrini. Hapo ndipo ulipo ubora wake: iliheshimu mazoea ya watu wa kazi.

Mwaka 1983 kompyuta ya Apple Lisa ilikuja na ubao wa kunakili, sehemu inayohifadhi kilichokatwa hadi kibandikwe, hata katika programu nyingine. Macintosh ikafuata mwaka 1984.

Lakini nakala iliyokwisha kubandikwa haifuati mabadiliko ya asili yake. Mwaka 1987 Microsoft ilileta DDE, njia ya programu mbili zilizofunguliwa kupelekeana ujumbe: tarakimu ikibadilishwa kwenye jedwali, hati iliyounganishwa nalo hubadilika pia. OLE, njia nyingine ya Microsoft ya mwaka 1990, iliwezesha jedwali lenyewe kukaa ndani ya hati na kuhaririwa kwa programu iliyolitengeneza.