Mzee wa Wino Ndani ya Mashua

Picha hii niliikuta kwenye kitabu cha zamani, maktaba ya kambi. Nilidhani ni picha ya kamera iliyofifia. Kumbe ni wino mtupu! Uso wa picha umepakwa weupe, halafu mtu akachora juu yake kwa kalamu, kamba moja moja, wimbi moja moja.

Mchoraji ni Willem van de Velde, yule baba, maana mwanawe naye aliitwa Willem na alikuwa mchoraji. Ni vita vya Terheide, 10 Agosti 1653, Waholanzi na Waingereza baharini. Ni moshi na milingoti iliyobanana kama msitu. Siku hiyo Tromp, admirali wa Waholanzi, alipigwa risasi akafa. Van de Velde alikuwepo na karatasi zake. Picha ni ya 1657.

Kilichonikamata kiko mbele ya picha: mashua ndogo, na ndani yake mtu ameketi anachora. Ni yeye mwenyewe.

Kwanza nilikasirika. Kwetu Fizi tungesema, huyu mutu hana huruma. Watu wanakufa, wewe unachora? Sisi tulivuka Tanganyika usiku, boti imejaa kupita kiasi, na mama mmoja alianguka majini hatukumpata tena. Kigoma karani aliandika tarehe ya kufika na idadi ya familia. Usiku wenyewe haukuwa na nafasi kwenye fomu.

Halafu nikarudia kuitazama. Mzee huyu hajajificha. Anakuambia nilikaa hapa, niliona kutoka upande huu. Picha ngapi zimepigwa humu kambini, na mpigaji alisimama wapi hatujui?

Naye vita vilimfikia. Mwaka 1672 Wafaransa waliivamia Uholanzi, biashara ya picha ikaanguka, baba na mwana wakavuka bahari kwenda Uingereza, kwa walewale maadui wa Terheide. Mwaka 1674 mfalme Charles II aliwapa kila mmoja pauni 100 kwa mwaka: baba achore vita vya baharini, mwana atie rangi.

Sasa nachora boti yetu kwa kalamu ya biki, nyuma ya karatasi za zamani. Watu kumi na wanne nimewakumbuka. Yule mama nimemweka kwenye ubao wa katikati, bado ameketi. Mimi niko nyuma, na kopo la kutolea maji.