Feri ya Likoni: Safari fupi yenye uzito mkubwa

Feri ya Likoni ni huduma ya uchukuzi inayounganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini kupitia mlangobahari wa Kilindini. Ilianza mwaka 1937. Umbali wa kuvuka ni takriban nusu kilomita, safari ya dakika chache tu, lakini kwa muda mrefu imekadiriwa kwamba zaidi ya watu 300,000 na magari 6,000 huvuka hapo kila siku.

Kwa mwenyeji wa Masimba au kwingineko Kisii na Nyamira, ambako mito kama Gucha huvukwa kwa madaraja, huenda ikashangaza kwamba jiji kubwa namna hii lategemea chombo cha majini. Sababu imo katika jina la mahali penyewe. Kilindi ni maji yenye kina kirefu, na mkondo huo ndio lango la meli kubwa ziingiazo bandarini. Daraja la kawaida lingezizuia. Kwa hivyo feri hulazimika kusubiri meli ipite kabla ya kung'oa nanga.

Feri hizo zina milango pande zote mbili. Magari huingia kwa upande mmoja na kutokea upande wa pili bila chombo kugeuka. Magari hutozwa ada, lakini waendao kwa miguu huvuka bure. Wengi wao ni wafanyakazi, wachuuzi na wanafunzi wanaoishi Likoni na Kwale na kutafuta riziki au elimu kisiwani.

Huduma hiyo iliendeshwa kwanza na kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Services, kisha ikachukuliwa na Halmashauri ya Bandari Kenya (KPA) mwaka 1989. Mwaka 1998 Shirika la Huduma za Feri Kenya (KFS) lilijitenga na halmashauri hiyo, ingawa baadaye majukumu yake yalirejeshwa kwa KPA. Miongoni mwa vyombo vilivyotumika ni MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini, vilivyoanza kazi 1990, MV Likoni na MV Kwale vya mwaka 2010, na MV Jambo iliyoundwa Uturuki na kuanza kazi 2017.

Historia ya kivuko hiki haiwezi kusimuliwa bila kutaja mkasa wa Mtongwe, kivuko jirani kwenye mkondo huo huo. Asubuhi ya Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo. Ilikuwa na watu wapatao 400 ilhali uwezo wake ulikuwa abiria 300. Watu 272 walikufa maji. Tangu siku hiyo, suala la idadi ya wanaoruhusiwa kupanda limekuwa la kufa na kupona.

Septemba 29, 2019, gari lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka MV Harambee ikiwa safarini. Mama na bintiye walifariki. Wapiga mbizi walitafuta kwa siku nyingi hadi gari hilo likaopolewa Oktoba 11, kwenye kina cha zaidi ya mita 50.

Msongamano ulionekana tena Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya kuzuia virusi vya korona, polisi walipowafyatulia vitoa machozi wasafiri waliokuwa wakikimbilia feri. Baadaye serikali ilijenga daraja la kuelea la waendao kwa miguu huko Liwatoni, lililofunguliwa Januari 2021.

Kwa magari, njia mbadala ni barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika hadi pwani ya kusini mwaka 2024. Barabara hiyo huzunguka upande wa magharibi na imewafaa sana wenye malori na watalii waendao Diani. Hata hivyo, kwa mkazi wa Likoni anayetembea hadi kazini, mzunguko huo ni mrefu mno. Mpango wa daraja la juu, litakaloziacha meli zipite chini yake kwa msaada wa Japani, umezungumzwa kwa miaka mingi. Hadi litakapojengwa, usalama wa maelfu hao utategemea uzima wa vyombo na uthabiti wa anayefunga lango feri inapojaa.