Moto Usiohitaji Hewa

Wasikilizaji wangu, leo nawapeleka Atlantiki ya Kaskazini, tarehe 4 Julai 1961. Nyambizi ya Kisovieti, K-19, ilikuwa katika mazoezi, imebeba makombora matatu.

Nyambizi ya dizeli hulazimika kupanda juu mara kwa mara kutafuta hewa. K-19 ilikuwa na matanuri mawili ya nyuklia, na moto wa namna hiyo hauhitaji hewa, hivyo iliweza kujificha chini kwa wiki nyingi. Wamarekani walikuwa wametangulia na Nautilus yao tangu 1955. Moscow nayo ikawa na haraka.

Lakini tanuri hilo lazima lipozwe kwa maji saa zote. Siku ile bomba la kupozea likavuja, na mtambo wa akiba haukuwamo. Haukufungwa kabisa! Nahodha Nikolai Zateyev akawaingiza vijana ndani kwa zamu za dakika chache, wachomelee bomba jipya. Nguo za kweli za kuwakinga na mionzi hawakuwa nazo. Bomba likaungika, joto likashuka, na wanane wakafa kabla ya wiki tatu kwisha.

Nahodha simlaumu, angefanya nini? Nawalaumu waliowaamuru walionusurika wanyamaze. Nyambizi ilitengenezwa ikarudi kazini, mabaharia wakiiita "Hiroshima", na Zateyev alikaa karibu miaka 30 kabla ya kuweza kuyasimulia haya hadharani.