Ilunga: jina moja, pande zote mbili za njia ya reli

Mtu akiita « Ilunga! » sokoni Kabondo-Dianda, wazee watageuka, vijana watageuka, na pengine hata msichana mmoja. Darasani mwalimu analazimika kuongeza jina la pili: Ilunga Ngoy, Ilunga Banza, Ilunga Kasongo. Tumelizoea jina hili hadi hatuulizi tena lilitoka wapi. Lakini historia yake inatuhusu sana sisi wakaaji wa huku, maana tunaishi kwenye njia ya reli inayounganisha Katanga na Kasai, na majina yetu yamepita njia hiyo kabla ya treni.

Tuanze na hadithi ambayo kila Muluba amesikia angalau kipande chake. Zamani mfalme alikuwa Nkongolo Mwamba, mwenye boma lake Mwibele, karibu na ziwa Boya, upande wa Kabongo. Nkongolo kwa Kiluba ni upinde wa mvua. Alikuwa mtu wa nguvu na mkali, asiye na adabu ya kifalme: alikula mbele ya watu wote. Siku moja akafika mwindaji kutoka mashariki, ng'ambo ya Lualaba, jina lake Mbidi Kiluwe. Huyu alikula kwa siri, kama inavyompasa mulopwe. Mbidi akamuoa Bulanda, dada ya Nkongolo, kisha akarudi kwao. Bulanda akazaa mtoto: Ilunga.

Kijana akakua, akawa hodari wa mchezo na wa vita, na akapata sifa ya Kalala, yaani kiongozi wa vita. Mjomba akaona wivu. Akachimba shimo, akapanda mikuki ndani, akatandika mkeka juu, kisha akamwita kijana aje acheze ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa mlio wa ngoma yake. Kalala Ilunga akaruka, akakimbia, akavuka Lualaba hadi kwa baba yake. Aliporudi alikuwa na jeshi. Nkongolo akakamatwa, akakatwa kichwa, na Ilunga akawa mulopwe.

Wataalamu wa historia hawalazimishi kila neno la masimulizi haya lichukuliwe kama lilivyo. Lakini nchi yenyewe ni ya zamani kweli. Mwaka wa 1957 na 1958 wachimbaji walifukua makaburi huko Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, wakakuta vyungu na mapambo ya shaba ya watu walioishi huku zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na ufalme wa Waluba uliweka watu maalum wa kukumbuka, chama cha Mbudye, waliotumia lukasa, kibao chenye shanga, ili majina ya wafalme yasipotee.

Kati ya majina hayo, Ilunga linarudi mara nyingi. Kuna Ilunga Sungu, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, akapanua ufalme upande wa mashariki. Kuna Ilunga Kabale, aliyekufa karibu na mwaka wa 1870. Kila mulopwe mwenye jina hilo alilizidishia uzito, na watu wa kawaida nao wakawapa watoto wao.

Jina halikubaki kwetu tu. Masimulizi ya Walunda yanasema kwamba mwindaji wa ukoo huo wa kifalme, Chibinda Ilunga, alikwenda magharibi akamuoa Ruwej, malkia wa Walunda. Ruwej akampa lukano, bangili ya ufalme. Ndugu zake wanaume, Chinguli na Chiniama, wakakasirika wakaondoka na watu wao hadi upande wa Angola. Wachokwe wakamfanya Chibinda Ilunga kuwa baba wa uwindaji wao, wakachonga sanamu zake kwa mti. Leo sanamu hizo zinatazamwa katika makumbusho ya Berlin, na hata Texas, huko Marekani.

Upande wa Kasai vilevile, akina Ilunga wamejaa. Si ajabu: wazee wa Waluba wa Kasai wenyewe wanataja Nsanga a Lubangu, upande wa Katanga, kuwa mahali mababu zao walipotawanyikia.

Basi, Ilunga maana yake nini? Mwezi wa 6 mwaka wa 2004, kampuni moja ya watafsiri ya London ilitangaza kwamba iliuliza wataalamu 1,000 wa lugha, na kwamba « ilunga » ya Tshiluba ndilo neno gumu kuliko yote duniani kulitafsiri. Ati ni mtu anayesamehe kosa la kwanza, anavumilia la pili, lakini la tatu hakubali. Redio na magazeti ya dunia yakarudia. Waluba wengi walishangaa, kwa sababu kwao Ilunga ni jina la mtu: ni baba, ni shemeji, ni jirani.

Hapo ndipo wageni wanapopotea. Kwetu kuna majina yanayosema namna mtoto alivyozaliwa. Mapasa wanaitwa Kyungu na Kabange. Ndiyo maana rais wa zamani anaitwa Joseph Kabila Kabange, na pacha wake Jaynet Kabila Kyungu. Lakini ukimuuliza mzazi kwa nini mtoto ni Ilunga, atakujibu: « Ni jina la nkambo wake. » Maana ya jina ni mtu aliyelibeba. Padri Placide Tempels, aliyeishi na Waluba na kuandika kitabu chake mwaka wa 1945, alieleza kwamba jina kwa Muluba si alama ya kubandika tu. Ni mtu mwenyewe. Ndiyo sababu zamani watoto wa baba mmoja waliweza kuwa na majina tofauti kabisa: kila mmoja amebeba nkambo wake.

Karatasi za Leta zilibadilisha mambo. Mwaka wa 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na kila raia akatafuta jina na postnomu kwa mababu. Mwaka wa 1974, timu ya Zaire ilipokwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani, mchezaji mzaliwa wa Lubumbashi, Mwepu Ilunga, alitoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Brazili kabla Wabrazili hawajaupiga. Wengi walicheka. Lakini jina likasikika dunia nzima.

Sasa tufike kwenye uchungu. Kuanzia mwaka wa 1992, siasa iligawanya watu wa Katanga na wa Kasai. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa Likasi, kisha Kolwezi mwaka wa 1993. Walilala kwenye vituo vya treni kwa majuma wakingoja gari. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, vituoni na njiani. Treni zile zilipita Bukama, zikapita hapa, zikapita Kamina, kuelekea Mwene-Ditu. Ndani yake walikuwamo akina Ilunga, akina Kalala, akina Mwamba. Waliobaki na kuwaangalia wakipita walikuwa pia akina Ilunga, akina Kalala, akina Mwamba.

Miaka hii tena vijana kutoka Kasai wanashuka kwenye treni na malori kutafuta kazi, na maneno ya zamani yanaanza kurudi midomoni. Anayetaka kujua « mwenyeji » na « mgeni » kwa kusoma kadi ya uchaguzi atapotea. Jina hilo ni la mtoto wa mama wa huku na baba aliyetoka ng'ambo ya mto. Mwenye jina la kwanza alikuwa nusu mgeni, na ndiye tunayemsifu. Hata Nkongolo, aliyeshindwa, jina lake linabebwa mpaka leo pande zote mbili, wala hakuna anayelionea haya.

Kwa wazazi: sheria inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye ofisi ya etasivili. Kabla ya kwenda, ulizeni wazee nkambo huyo alikuwa nani, alitoka kijiji gani, alivuka mto gani, kisha mwelezeni mtoto atakapokuwa na akili. Mtoto anayejua safari ya jina lake hatampokonya mwingine jina hilohilo.