Kuvuja na Kuvujia: Majina ya Vyombo vya Kulinda Maji Majumbani

Mfasiri akabidhiwapo waraka wa zabuni ya jengo jipya, huenda akakuta humo chombo kiitwacho "kigunduzi cha uvujaji". Yafaa tuulize kama chombo chenyewe hugundua uvujaji. Sisi twaona hakigundui, na historia ya jambo hili yaonyesha sababu.

Tuanzie Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012. Nchi ile ni ya milima mirefu yenye mabonde, na maji aghalabu yako mabondeni. Kwa hiyo watu hukinga mvua ya paa la bati na kuiweka akiba. Shirika la MAVUNO la huko Karagwe limejenga matangi ya namna hiyo, hata shuleni. Tangi lililo juu ya ardhi likivuja, ukuta hulowa na kila apitaye huona. Lililofukiwa halisemi kitu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua kuta nyingi mkoani Kagera. Baada ya mtikisiko kama huo, mwenye tangi la chini ana njia moja nyepesi: hufunga koki jioni, hutia alama maji yalipofika, na huitazama alfajiri. Maji yakipungua ilhali hayakutumiwa, tangi lavuja.

Njia hiyo ndiyo aliyoiundia mtambo mhandisi George Deacon mjini Liverpool, Uingereza, mwaka 1873. Mita yake iliandika mtiririko wa maji usiku, kwa kuwa maji yapitayo watu wakiwa wamelala mengi ni ya kupotea. Lakini mita haikujua bomba limetoboka wapi. Ilibidi watu wafunge vali moja baada ya nyingine, na kutega sikio bombani.

Kwetu neno lenyewe halikuwa na uchungu huo. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mpango wa maji vijijini ulioanza mwaka 1971 ulikusudia kila mwananchi apate maji karibu naye, umbali usiozidi mita 400, ifikapo mwaka 1991. Na maji hayo yalikuwa bure. Sera ya mwaka 1991 ilipomtaka mtumiaji achangie gharama, pakacha likageuka: kila tone linalopotea lina mlipaji.

Sasa tukitazame chombo cha leo. Huwekwa sakafuni, chini ya sinki au kando ya tangi la maji moto. Kina ncha mbili za metali zisizogusana. Maji yakiziunganisha, umeme mdogo hupita. Basi. Hakijui kama maji hayo ni ya bomba, ya paa, au ya ndoo iliyomwagwa na msafishaji. Habari hupelekwa kwenye chombo cha pili, ambacho hupiga kengele au hufunga vali.

Kiswahili kilikwisha kuzitenganisha dhana hizi. Bomba lavuja, maji yavujia chumbani. Mita ya Deacon yaeleza la kwanza, chombo cha sakafuni chaeleza la pili. Kwa hiyo twapendekeza cha sakafuni kiitwe kihisimaji, na kile kifungacho kiitwe kidhibiti vali, kwa mfano wa kidhibiti mwendo kilichozoeleka katika mabasi. Afisa aagizaye "kigunduzi" tu kwa ajili ya ghala la dawa aweza kuletewa kengele ilialo usiku kucha pasipo mtu, na vali ikabaki wazi.

Kwa tangi lililofukiwa kule Kyerwa, kihisimaji hakifai, maana maji huishia udongoni. Kitakiwacho ni kipima kina, yaani ile alama ya jioni iliyotiwa waya.