Chombo Kilichotulia na Nyota Zinazokisahihisha



Kijana aandikaye programu ya kutambua mwendo wa simu hukutana mapema na fumbo hili: simu imelala mezani, lakini programu yadai kwamba inageuka. Fumbo hilo lina historia.

Mnamo mwaka 1852 mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault alitumia gurudumu lizungukalo kwa kasi, mithili ya pia, kuonyesha mzunguko wa dunia. Gurudumu lilishikilia mwelekeo wake, dunia ikageuka chini yake. Alikiita chombo hicho jairoskopu. Jairoskopu ya simu haina gurudumu. Ni kipande kidogo cha silikoni kinachotetemeka, kinachopima kasi ya kugeuka.

Kasoro yake ni kwamba hata ikitulia haisomi sifuri kamili. Kosa la nyuzi 0.1 kwa sekunde huwa nyuzi 6 kwa dakika, na kwa saa moja hutimiza nyuzi 360, yaani mzunguko mzima. Dawa ya kwanza ni kukiacha chombo kitulie, kuchukua vipimo vingi, kutafuta wastani wake, kisha kuutoa katika kila kipimo kifuatacho. Lakini joto likibadilika, kosa nalo hubadilika. Kwa hiyo chombo huhitaji shahidi wa nje: mvutano wa dunia huonyesha upande wa chini, na dira ya sumaku huonyesha kaskazini.

Jirani zetu wa Kenya walishuhudia jambo hilo kwa kiwango kikubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilijizungusha polepole ikitafuta miali ya eksirei angani, na gurudumu ndani yake likiutuliza mhimili wake. Hata hivyo, utulivu pekee haukutosha: vihisi vya nyota viliwajulisha wataalamu ilikotazama. Bila hivyo, miali ingepokelewa pasipo kujulikana chanzo chake.

Matunda yake ni orodha ya vyanzo 339 iliyochapishwa mwaka 1978. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Basi, fundi asiridhike na chombo kwa sababu tu kimetulia. Akipime kwanza kikiwa kimya, kisha akilinganishe na kisichoyumba pamoja nacho.